Alfajiri Kwenye Mlango wa Rusizi

Askari aliyezoea kulitazama Ziwa Tanganyika akiwa zamu ufukoni hulijua kwa upande mmoja tu. Sisi tulitaka kulijua kwa upande wa pili. Tulipanda mashua ndogo ya injini mjini Bujumbura kabla ya mapambazuko, tukaelekea magharibi kwenye mlango wa mto Rusizi, ule uyaletao maji kutoka Ziwa Kivu.

Ndege ndio waliotangulia kutulaki. Mwari walielea kwa makundi, mdiria akasimama hewani kabla ya kujitupa majini, na furukombe akalia juu ya mti mkavu. Wavuvi walikuwa wakirejea, taa zimekwisha kuzimwa. Mmoja alituinulia mukeke, samaki ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka.

Mara nahodha akazima injini. Penye matete yalichomoza masikio madogo, kisha macho, kisha ikasikika pumzi nzito. Viboko! Tulimsihi asogee kidogo. Alikataa katakata, wala hatukumlaumu. Kiboko mzima huweza kupita uzito wa tani moja na nusu, na hata nchi kavu humshinda mtu mbio. Mchana hukaa majini. Usiku hupanda kula majani, na njia yake ya kurudi ndiyo yenye hatari. Ndugu askari wa zamu ya usiku, usisimame kamwe kati ya kiboko na maji, wala usiwaache raia wamzunguke kumtazama.

Jambo hili si dogo. Ziwa lilipofurika mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yaliingia katika makazi ya watu. Mto utokao ziwani ni mmoja tu, Lukuga, uendao Kongo; mvua zikizidi, maji hayana pengine pa kupitia.

Tuliuliza pia habari za Gustave, mamba aliyevuma kwa kula watu. Wakadiriaji walisema alipita mita 6, ingawa hakuna aliyempima kwa kamba. Mfaransa Patrice Faye alimtegea tundu la chuma, kisa kilichooneshwa katika filamu ya mwaka 2004, mamba hakuingia. Nahodha alicheka tu, lakini tuliona akiutoa mkono wake majini.

Tuliporudi, watoto walikuwa wakioga karibu na matete. Askari polisi mmoja kijana alikwisha kuvua viatu, akiwatoa mmoja mmoja.