Ukomo wa Mishahara na Uhuru wa Wachezaji: Biashara ya Mezani katika Futiboli ya Kimarekani

Ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ina timu 32, na hakuna tajiri anayeruhusiwa kumwaga fedha apendavyo. Kila mwaka hutangazwa kiwango cha juu ambacho timu inaweza kutumia kuwalipa wachezaji wake. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa dola milioni 279.2, iwe kwa Dallas Cowboys ya bilionea Jerry Jones au kwa Green Bay Packers, klabu ya mji mdogo wa Wisconsin inayomilikiwa na maelfu ya wanahisa wa kawaida. Kwa upande wa pili, mchezaji aliyetimiza misimu minne na ambaye mkataba wake umekwisha huwa huru kwenda atakako. Ukomo wa mishahara na uhuru huo ni pacha. Vyote viwili vilizaliwa katika mkataba wa hali bora wa mwaka 1993, kila upande ukitoa kimoja ili upate kingine, na tangu hapo kila mara wamiliki wanapokutana na chama cha wachezaji, NFLPA, kinachojadiliwa ni bei ya mabadilishano hayo.

Msingi wa yote uko kwenye sheria. Tangu 1890 Marekani ina Sheria ya Sherman ya kupinga ukiritimba, inayowakataza wafanyabiashara washindani kukaa pamoja na kupanga bei. Timu za NFL ni kampuni zinazojitegemea. Zikipatana kwamba hakuna itakayolipa zaidi ya kiasi fulani, au kwamba hakuna itakayomchukua mfanyakazi wa mwenzake, zimevunja sheria hiyo. Besiboli ilipewa kinga na Mahakama ya Juu mwaka 1922, lakini mwaka 1957, katika kesi ya mchezaji Bill Radovich, mahakama hiyohiyo ilikataa kuipa futiboli kinga ya namna hiyo. Wamiliki walibakiwa na mlango mmoja tu: masharti yaliyokubaliwa na chama cha wafanyakazi katika majadiliano ya kweli hayaguswi na sheria ya ukiritimba. Maana yake ni kwamba ukomo wa mishahara ni halali kwa sababu wachezaji wenyewe wameutia saini. Hapo ndipo nguvu ya chama ilipo, na ndiyo maana katika historia hii chama kimewahi kujivua hadhi yake chenyewe ili wachezaji waweze kushtaki.

Kabla ya 1993 uhuru ulikuwepo kwenye karatasi tu. Mwaka 1963 kamishna Pete Rozelle aliweka kanuni iliyokuja kuitwa kwa jina lake: timu ikimsajili mchezaji aliyemaliza mkataba kwingine, lazima imfidie mwajiri wake wa zamani, na pande hizo zisipoelewana kamishna ndiye anayepanga fidia. Hakuna aliyejua kamishna angedai nini, kwa hiyo wengi waliona heri wakae mbali. Mwaka 1974 wachezaji waligoma wakidai uhuru, wakarudi kazini mikono mitupu. Ushindi ulikuja mahakamani: mwaka 1976 mahakama ya rufaa, katika kesi iliyobeba jina la John Mackey, mchezaji wa zamani wa Baltimore Colts aliyewahi kuwa rais wa chama, iliamua kwamba kanuni ya Rozelle ni haramu kwa kuwa haikutokana na majadiliano ya kweli.

Kilichofuata kinashangaza. Chama kilikuwa kimechoka na hakina fedha, na katika mkataba wa 1977 kikakubali mfumo mwingine wa fidia, safari hii kwa njia ya nafasi za kuchagua chipukizi katika zoezi la kila mwaka liitwalo drafti. Klabu ya zamani pia ilipewa haki ya kulinganisha dau na kumbakiza mtu wake. Kifungo kilekile kikarudi, sasa kikiwa na baraka za chama, na kwa hiyo halali. Kwa zaidi ya miaka kumi wachezaji waliohama kwa njia hiyo walihesabika kwa vidole. Wilber Marshall alipotoka Chicago Bears kwenda Washington mwaka 1988 ilikuwa habari kubwa, na Washington ililipa kwa kutoa nafasi mbili za raundi ya kwanza.

Migomo miwili ya miaka ya themanini haikubadili hilo. Mwaka 1982 wachezaji walidai asilimia 55 ya mapato yote ya ligi, wakagoma siku 57, msimu ukapunguzwa hadi mechi 9, na asilimia hiyo hawakuipata. Mwaka 1987 walirudi na dai la uhuru wa kuhama. Wamiliki walikuwa wamejipanga: wiki moja ya mechi ilifutwa, kisha wakaingiza uwanjani wachezaji wa kuokoteza kwa wiki tatu, na televisheni ikaendelea kuonyesha. Nyota kama Joe Montana na Lawrence Taylor walivunja mgomo. Baada ya siku 24 chama kilisalimu amri. Somo lilikuwa chungu lakini bayana: mchezaji wa futiboli, ambaye maisha yake ya kazi ni mafupi na mshahara wake hulipwa kwa mechi, hana pumzi ya kushindana na mwenye fedha za televisheni.

Chama kikabadili silaha. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ilisema kwamba maadamu uhusiano wa majadiliano kati ya chama na ligi upo, kinga ya wamiliki nayo ipo, hata kama mkataba umekwisha muda. Viongozi wa NFLPA chini ya Gene Upshaw wakafanya jambo ambalo kwa chama cha wafanyakazi linaonekana wazimu: wakatangaza kwamba si chama cha wafanyakazi tena. Bila chama hakuna majadiliano, na bila majadiliano hakuna kinga. Mchezaji mmoja mmoja sasa aliweza kushtaki. Wakati huo wamiliki walikuwa wameanzisha utaratibu uitwao Mpango B, ambao uliruhusu kila timu kuwazuia wachezaji wake 37 bora na kuwaachia waliobaki. Septemba 1992, mjini Minneapolis, jopo la raia katika kesi ya Freeman McNeil wa New York Jets lilisema mpango huo unavunja sheria. Siku chache baadaye Jaji David Doty aliwafungulia milango wachezaji wanne kwa muda mfupi, na mmoja wao, Keith Jackson, akahama mara moja kutoka Philadelphia kwenda Miami. Wamiliki wakaona mafuriko yanakuja.

Suluhu ya Januari 1993 ilimaliza kesi ya pamoja iliyofunguliwa kwa jina la mchezaji Reggie White, na mkataba mpya ukafuata. Wachezaji walipata uhuru wa kweli, usio na fidia. Wamiliki walipata ukomo wa mishahara, ulioanza kutumika 1994 kwa dola milioni 34.6 kwa timu. White mwenyewe alikuwa mfano wa kwanza: alisaini Green Bay kwa dola milioni 17 za miaka minne, na mji ambao wachezaji wengi walikuwa wakiukwepa kwa baridi yake ukawa tishio tena. Kulinganisha na soka la Ulaya kunafaa hapa. Hukumu ya Desemba 1995 katika kesi ya mchezaji Bosman iliwapa wachezaji wa huko uhuru baada ya mkataba bila kudai chochote kwa malipo, kwa hiyo klabu tajiri zikazidi kutajirika. Marekani mahakama ilitumika kama fimbo ya kuwasukuma watu mezani, na mezani kila kitu kina gharama.

Ukomo wenyewe hukokotolewa kutokana na mapato. Katika mkataba wa sasa, uliopitishwa Machi 2020, wachezaji wanatengewa angalau asilimia 48 ya mapato ya ligi. Fungu hilo hutolewa marupurupu na mafao, kisha linagawanywa kwa 32. Mapato yakipanda, ukomo unapanda. Yakianguka, unaanguka: viwanja vilipokuwa vitupu kwa sababu ya korona, ukomo ulishuka kutoka dola milioni 198.2 mwaka 2020 hadi milioni 182.5 mwaka uliofuata, na mamia ya wachezaji wa daraja la kati wakajikuta wanasaini mikataba ya mwaka mmoja. Kuna sakafu pia, ambayo husahaulika: kwa kipindi cha miaka kadhaa timu lazima itumie angalau asilimia 90 ya ukomo, ili mmiliki bahili asijifiche nyuma ya kanuni.

Ukomo ni mgumu, lakini hesabu zake zina mianya. Fedha za usajili zinazotolewa taslimu siku ya kusaini husambazwa kwenye vitabu kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Mchezaji akipewa milioni 25 mkononi kwa mkataba wa miaka mitano, ukomo unaguswa kwa milioni 5 tu kila mwaka. Mwaka 1995 Dallas Cowboys walitumia njia hii kumchukua Deion Sanders kwa fedha za usajili karibu dola milioni 13. Deni hilo halifutiki. Mchezaji akiachwa baada ya mwaka wa pili, milioni 15 zilizobaki huangukia vitabu vya timu ingawa mtu hayupo, na watu wa ligi huziita fedha mfu. Denver Broncos walipomwacha Russell Wilson mwaka 2024 walibeba dola milioni 85 za namna hiyo kwa misimu miwili. Ndiyo maana kiasi kikubwa kinachotangazwa magazetini siku ya kusaini hakisemi mengi. Zinazohesabika ni fedha zilizodhaminiwa.

Uhuru nao una mipaka iliyojadiliwa. Mchezaji mwenye chini ya misimu mitatu hana pa kwenda iwapo timu yake inamtaka. Mwenye mitatu anaweza kupokea dau kutoka nje, lakini timu yake ina haki ya kulilinganisha. Hata aliyetimiza minne anaweza kuzuiwa: kila timu inaruhusiwa kumzuia mchezaji mmoja kwa mwaka kwa kumpa mkataba wa msimu mmoja, unaokokotolewa kutokana na mishahara mikubwa mitano ya nafasi yake. Akizuiwa mara ya pili, malipo hupanda kwa asilimia 20. Kirk Cousins wa Washington alizuiwa 2016 kwa karibu dola milioni 20 na 2017 kwa karibu milioni 24. Alipoachiliwa 2018 alikwenda Minnesota kwa milioni 84 zilizodhaminiwa zote. Le'Veon Bell wa Pittsburgh alichagua njia nyingine, akakataa dola milioni 14.5 na kukaa nyumbani msimu mzima wa 2018. Alipata uhuru wake, ila mwaka wa ujana wake haukurudi.

Mvutano mkubwa zaidi ulikuja 2011. Wamiliki waliona mkataba wa 2006 umewapa wachezaji fungu nono mno, na mwaka 2008 wakaamua kuumaliza mapema. Mkataba wenyewe ulikuwa na sumu iliyowekwa makusudi ili kuwatisha wote: mwaka wa mwisho, 2010, haukuwa na ukomo, lakini uhuru wa kuhama nao ulidai misimu sita badala ya minne. Dallas na Washington zilijaribu kuutumia mwaka huo kuhamishia mizigo yao ya baadaye, na mwaka 2012 zikapunguziwa ukomo, Washington kwa dola milioni 36 na Dallas kwa milioni 10, kwa kosa la kutumia fedha katika mwaka usio na ukomo. Chama cha wachezaji kiliridhia adhabu hiyo, na si rahisi kukitetea.

Machi 2011 chama kilijivunja tena, mchezaji Tom Brady na wenzake wakashtaki, na wamiliki wakawafungia wachezaji milango kwa zaidi ya miezi minne. Mahakama ya rufaa haikuwapa wachezaji nafuu iliyopatikana 1992. Fungu lao lilishushwa hadi karibu asilimia 47, na waliolipia zaidi ni wale ambao hawakuwa na kura mezani, yaani chipukizi. Sam Bradford, chaguo la kwanza la drafti ya 2010, alisaini miaka sita kwa dola milioni 78. Cam Newton, chaguo la kwanza la 2011, alipata takriban milioni 22 kwa miaka minne. Timu zikagundua haraka faida ya kuwa na kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi, aliye kijana: Seattle Seahawks walitwaa Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2014 wakiongozwa na Russell Wilson yuleyule, ambaye msimu huo aliwagharimu chini ya dola milioni 1 kwenye ukomo. Fedha zilizookolewa ziliwalipa walinzi waliolifanya jeshi lao liogopwe. Waliobanwa katikati ni wachezaji wazoefu wa kawaida, ambao nafasi yao hujazwa na kijana wa bei nafuu.

Mkataba wa 2020 ulipita kwa kura 1,019 dhidi ya 959. Wachezaji waliongezewa fungu, wamiliki wakapata mechi ya 17, iliyoanza kuchezwa 2021. Mkataba huo utaendelea hadi mwisho wa msimu wa 2030, na ligi haifichi kwamba inataka mechi ya 18. Haiwezi kuiongeza bila saini ya chama.