Vepu ya bangi ndani ya ndege: tuelewane mbele ya kusafiri



Siku hizi vijana wengi wa Butembo na Beni wanasafiri. Wengine wanapandia ndege Mavivi kuenda Kinshasa, wengine wanapita Kasindi na Mpondwe mpaka Entebbe, halafu Dubai, Guangzhou ao Canada. Na kuna neno nasikia mara nyingi: "Vepu ya bangi ni kakitu kadogo tu, haina hata harufu, nani ataiona?" Nataka tuelewane vizuri, juu hapa mambo iko mawili, na watu wanayachanganya.

Jambo la kwanza ni moto. Kila vepu, hata ya tumbaku, iko na batri ya litiamu. Batri hiyo ikiharibika inaweza kupata joto yenyewe mpaka kuwaka. Mwaka 2010 ndege ya mizigo ya UPS, iliyobeba batri nyingi za namna hiyo, iliwaka moto angani na kuanguka Dubai. Marubani wake wawili walikufa. Ndiyo maana OACI, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, tangu 2015 linakataza kuweka vepu ndani ya valizi inayoenda chini ya ndege. Inabebwa ndani ya sakoshi ya mukono ao mufukoni, haichajiwi humo wala haivutwi, hata chooni. Ikiwaka karibu yako, wahudumu wataizima haraka. Ikiwaka kule chini, nani ataifikia?

Jambo la pili ni kile kilicho ndani yake, na hapa ndipo wengi wanapotea. Kuruhusu kifaa si kuruhusu bangi. Canada iliruhusu bangi tarehe 17 Oktoba 2018, lakini kuvuka nayo mupaka, kuingia ao kutoka, kungali kosa. Mutu anainunua Toronto na risiti wanamupa. Akishuka nayo Entebbe, ile risiti inakuwa ushahidi juu yake. Marekani nako majimbo mengi yameruhusu, lakini sheria ya taifa inakataza, na ndiyo inayofuatwa na watu wa ukaguzi kwenye viwanja vya ndege.

Mufano munaujua: Brittney Griner, mucheza basketi wa Marekani. Tarehe 17 Februari 2022 alikamatwa kiwanjani Moscow na vepu zenye mafuta ya bangi, haikufika hata gramu moja. Daktari wa kwao alikuwa amemuandikia bangi juu ya maumivu, haikumusaidia kitu. Alihukumiwa miaka 9. Alitoka Desemba mwaka huohuo kwa kubadilishwa na Viktor Bout, jina wazee wetu wanalijua, juu Umoja wa Mataifa ulimuwekea vikwazo 2005 kwa ajili ya silaha zilizoingia Congo. Yeye alikuwa na serikali yenye nguvu nyuma yake. Wewe wa Butembo, nani atatoa mufungwa ili akukomboe?

Huku kwetu Congo bangi imekatazwa, na Uganda vilevile. Tena Uganda, sheria ya tumbaku ya 2015 inakataza kuingiza sigara za umeme, hata zile zisizo na bangi. Kwa hiyo anayepita Entebbe na vepu tupu angali na shida.

Basi tufanye nini? Usiibebe, hata iliyotumika, juu mabaki yanapimwa. Kama ni dawa ya hospitali, uliza ubalozi wa kila inchi utakayopita mbele ya kununua tiketi. Na ile tabia yetu ya kubebeana "kakifurushi ka shemeji": fungua, tazama, na kama hauelewi kitu, kirudishe bila haya. Mashini ya ukaguzi haiulizi ni cha nani. Inaonyesha tu kilikuwa ndani ya muzigo wa nani.

Wazazi wetu wanauza kahawa, kakao, hata shamba, ili mutoto asafiri. Kakitu ka gramu moja kasikule jasho hilo lote.