KILA TUMBAKO NA KIKO CHAKE

Katika Soko la Toi, karibu na Kibera mjini Nairobi, bidhaa zilizotumika ng'ambo hupangwa tangu asubuhi. Mnunuzi wa koti huligeuza nje ndani ahakikishe kwamba halikutoboka. Lakini akibahatika kuokota kiko, hutazama mng'ao wake tu, akasahau kukinusa. Hapo huweza kutupa fedha yake bure.

Viko vingi vya Ulaya huchongwa katika kinundu kilichopo kati ya shina na mizizi ya mti mdogo wa pwani za Bahari ya Kati, ambao huota pia juu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro. Mti huo haushiki moto upesi, bali hunyonya mafuta ya tumbako, na ndani ya bori hufanyika utando mweusi wenye kuhifadhi harufu. Mama mwenye akili hatii maziwa katika kibuyu cha pombe. Na kiko ni vivyo hivyo.

Wakulima wanajua tofauti ya majani. Tumbako ya mvuke, kama ile ya Urambo, hukaushwa kwa joto ndani ya bani pasipo kuguswa na moshi, na ladha yake ina utamu. Tumbako ya hewa hukauka kivulini. Tumbako ya moshi, kama ile ya Songea, hutundikwa juu ya moto wa kuni. Mtu akivuta ya moshi siku nyingi, kisha akatia ya mvuke katika kiko kile kile, utamu wote humezwa. Kwa hiyo wavutaji wazoefu huweka kiko mbali kwa kila aina, na kila kiko hupumzishwa kikauke kabla ya kuvutiwa tena.

Zamani Arusha ilitoa viko vya chapa ya Kiko, ambavyo bori lake lilitiwa jiwe jeupe jepesi kutoka bonde la Amboseli. Wavutaji wengi husema jiwe hilo halishiki harufu kama mti, nao hulitumia kujaribia tumbako mpya.

Kiko cha mti kilichotumika huweza kusafishwa. Utando upunguzwe taratibu kwa kisu butu, bori lijazwe chumvi, litiwe matone ya pombe kali, liachwe usiku kucha, kisha likaushwe siku kadhaa. Kiko cha jiwe kisifanyiwe hivyo.

Hata hivyo, usafi wa kiko hauondoi sumu ya tumbako. Saratani ya mdomo na ya koo huwapata wavuta kiko pia, na sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuvuta mahali pa watu wote.

Basi mnunuzi akinuse kiko kabla ya kutaja bei. Kikinuka moshi, kinamfaa mvuta tumbako ya moshi. Mwingine na akirudishe mahali pake.