Kabla ya marumaru, ulizia bomba la hewa

Tangu Mkataba wa Amani wa Arusha utiwe saini tarehe 28 Agosti 2000, Warundi wengi waliorudi kutoka Tanzania walianza maisha kwa nyumba ya vyumba viwili na choo cha shimo nyuma ya nyumba. Biashara ikitengemaa, hatua inayofuata huwa kuingiza choo ndani au kubomoa ukuta ili bafu lipanuke. Mwenye nyumba huuliza bei ya marumaru, sinki na koki zinazong'aa. Bomba la hewa haliulizii mtu, kwa kuwa halionekani. Ndilo hilo linalokatwa kwanza.

Chini ya kila sinki, bafu na bakuli la choo kuna bomba lililopinda linalobaki na maji kila wakati. Mafundi huliita trapu. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi saa Mskoti aliyefanya kazi London, alipata hati ya uvumbuzi ya choo cha maji chenye bomba la namna hiyo. Maji hayo, ambayo kimo chake ni sentimita tano hivi, ndiyo mlango pekee kati ya nyumba yako na shimo la maji machafu.

Mlango huo unavunjwaje? Wauza mawese wa Rumonge wanaijua kanuni yake. Ukiinamisha kidumu kilichojaa, mafuta hutoka kwa kukwamakwama, kwa sababu hewa inagombania kuingia pale pale yanapotokea. Ukitoboa tundu upande wa juu, yanamiminika bila kelele. Bomba la choo nalo ni hivyo. Ndoo ya maji ikishuka kwa nguvu, nyuma yake hewa hupungua. Kama hakuna bomba la hewa, hewa itavutwa kupitia trapu ya sinki, na maji yake yatafyonzwa. Utasikia mlio wa kugugumia, kisha harufu ya mayai yaliyooza.

Wengi wetu tunakijua choo cha shimo chenye bomba refu lenye wavu juu. Lile hutoa harufu na kunasa inzi. La choo cha maji lina kazi zaidi: kulinda maji ya trapu.

Makosa ya wakati wa kurekebisha

Kosa la kwanza ni kuliishiza bomba la hewa darini kwa sababu dari mpya imepita hapo. Hewa chafu hubaki ndani ya nyumba. Bomba hilo lazima lipite juu ya paa, mbali na madirisha, na liwe na wavu wa kuzuia mbu.

La pili ni kusogeza bakuli la choo hadi ukuta wa pili bila kupima mteremko. Bomba la choo la inchi 4 linahitaji kushuka kama sentimita mbili kwa kila mita. Kwa hiyo, ukilisogeza mita tatu, unahitaji sentimita sita. Zisipopatikana chini ya sakafu, afadhali choo kibaki kilipokuwa. Na pale bomba linapokata kona chini ya sakafu, kona mbili za nyuzi 45 hupitisha uchafu vizuri kuliko moja ya nyuzi 90.

La tatu linawahusu wanaonunua vifaa ng'ambo ya mpaka, wawe wanapita Kobero au Mugina. Mabomba mawili yanaweza kuitwa "inchi 4", moja likiwa na upana wa nje wa milimita 110 na jingine 114. Hayaingiliani. Fundi asiyetaka kurudi dukani hulipasha moto mpaka lilegee, alisukume kwa nguvu. Ukuta wa bomba huwa mwembamba pale pale kwenye kiungo, na kiungo hicho ndicho kitakachovuja chini ya saruji. Pima kwa rula kabla ya kulipa, na ununue bomba na viungo vya aina moja.

Si kila harufu ni kosa la fundi. Ukisafiri kwenda Kigoma ukakaa wiki kadhaa, maji ya trapu ya bafu lisilotumika hukauka. Mwaga kopo la maji, subiri, kisha ndipo uite fundi.

Shimo halisamehe

Kuna kosa lisilorekebishika. Kuunganisha bomba jipya kunaweza kulazimu kufungua shimo la maji machafu. Ndani yake kuna hewa inayoweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache, na nyingine inayowaka moto. Asiingie mtu, hata kuokota nyundo. Asiwashe sigara karibu. Aliyeanguka ndani hasaidiwi kwa kumfuata, maana anayemfuata naye huanguka.

Mwisho, usikubali saruji imwagwe kabla ya jaribio. Ziba mwisho wa bomba, lijaze maji, weka alama na usubiri saa moja. Maji yakishuka, kuna kiungo kinachovuja. Bafu likishaunganishwa, mwaga ndoo nzima chooni huku mwenzako akitazama sinki. Maji ya trapu yakitulia, mlipe fundi. Yakigugumia, aonyeshe bomba la hewa liko wapi. Kupasua saruji mbichi ni kazi ya asubuhi moja. Kupasua marumaru ni kujenga mara mbili.