Ukingo wa Barabara ni wa Nani?

Ndugu msomaji, simama asubuhi moja katika mtaa wowote wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, uwahesabu wanaouhitaji ule ukanda mwembamba ulio kati ya maduka na barabara. Mwenye duka ataka mlango wake uwe wazi. Msukuma mkokoteni ataka kushusha mzigo. Mwenye gari ataka kuegesha, na wa bodaboda kungojea abiria. Machinga ataka kutandaza bidhaa, mama lishe kuinjika sufuria. Na mama aliyebeba mtoto mgongoni ataka kupita tu, asisukumwe kwenye magari. Wote wana haja ya kweli, nayo nafasi ni hiyo moja.

Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Wengi walivichukua kuwa ruhusa ya kuuza popote, na meza zikafunika njia za waenda kwa miguu. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza wafanyabiashara hao wapangwe upya bila vurugu. Kisha meza zikaondolewa. Mwenda kwa miguu akarudishiwa njia yake. Lakini chakula cha jioni cha nyumba nyingi kilikuwa kikitoka katika meza zile.

Machinga hauzi kando ya barabara kwa ukaidi, bali kwa kuwa ndipo mnunuzi apitapo. Jengo la Machinga Complex, Ilala, lilifunguliwa mwaka 2010. Hata hivyo vizimba vyake vingi vilikaa vitupu kwa miaka, maana wateja walibaki mitaani. Kumpa mtu paa bila wateja ni kumpa sufuria bila unga.

Basi tujifunze nyumbani. Katika familia nyingi chumba kimoja mchana huwa sebule, usiku huwa malazi ya watoto, wala hakuna anayefukuzwa. Ukingo wa barabara nao waweza kugawanywa kwa saa: alfajiri mizigo ishushwe, mchana njia iwe ya wapitao, jioni magari yakipungua meza zitandikwe mahali palipochorwa mistari. Wanaoutumia waitwe, wakubaliane kabla ya mgambo kutumwa.

Nawe, ndugu msomaji, utakapoegesha gari juu ya njia ya miguu “kwa dakika moja tu”, mkumbuke yule mama mwenye mtoto mgongoni. Penye wengi pana mengi. Lakini pakiwa na utaratibu, kila mmoja hupata pa kukanyaga.