Kompyuta ikikataa kuwaka, majina hayajapotea



Mwezi uliopita tuliitwa kwa haraka na kamati moja ya wahamishwa hapa Kivu. Kompyuta yao ya zamani ya mezani ilikuwa imekataa kuwaka, na ndani yake mlikuwa orodha ya jamaa zinazongoja msaada na ya watoto waliopotezana na wazazi. Tayari watu walinong'ona kwamba katibu amefuta majina ya kabila fulani. Fundi wa mtaani naye alikuwa ameahidi kuifomati. Tulimwomba angoje.

Majina hukaa kwenye diski ngumu. Kompyuta inaweza kufa na diski ikabaki nzima. Hata ikihamishiwa kompyuta nyingine itasomeka. Lakini kufomati ni kufuta.

Kama hakuna taa wala sauti, tazama kwanza waya, soketi na jenereta. Nyuma ya mashine nyingi za zamani kuna swichi ndogo yenye 115 na 230. Kwetu umeme ni wa volti 220, basi iwe kwenye 230; ikiwa kwenye 115 kisanduku cha umeme kitaungua. Kisanduku hicho msikifungue kamwe, hata kikiwa kimechomolewa.

Kama maandishi yanasema diski haionekani, ondoa disketi au flashi iliyosahaulika, kisha kaza nyaya za diski. Diski ikigonga tak-tak, zima mara moja.

Ya kamati hiyo feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi, ikapiga bip bip. Mara nyingi hiyo ni kumbukumbu, vile vijiti vilivyochomekwa kwenye ubao mkuu. Tulichomoa umeme, tukagusa chuma cha kasha, tukavitoa. Vumbi jeusi la volkeno lilikuwa limejaa (anayeishi karibu na Goma analijua). Tulisugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, tukavirudisha mpaka vikalia tak pande zote mbili.

Ikawaka. Saa ilikuwa imerudi miaka mingi nyuma, kwa sababu betri ndogo ya CR2032 imekwisha. Hiyo ni kununua tu.

Kabla ya lolote tulinakili orodha kwenye flashi mbili, moja kwa katibu, moja kwa mwakilishi wa akina mama. Kisha tukaichapa, na katibu akaisoma kwa sauti mbele ya wote, jina kwa jina, mpaka jioni.