Pima Pembe Kabla ya Kununua Krosi

"Fundi, nimebadilisha krosi mara mbili na bado inavuma." Ndivyo alivyonisalimu mteja mmoja aliyeingia na Suzuki Jimny katika karakana yetu hapa Mutuini, kabla hata ya kuzima injini. Alikuwa ameliinua gari kwa inchi 2 ili tumbo lisikwame kwenye matope ya udongo wetu mwekundu msimu wa mvua. Tangu siku hiyo, akifika kilomita 70 kwa saa, sakafu huanza kutetemeka. Nilichungulia chini. Krosi, vile viungo vya umbo la msalaba kwenye ncha za propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu ya ekseli), zilikuwa mpya, grisi ingali inang'aa.

Kisa hiki nakijua. Gari linainuliwa, linatetemeka, na mwenyewe anakimbilia Kirinyaga Road kununua vipuri kabla mtu hajapima chochote. Lakini gari likiinuliwa, vyuma vinaweza kuwa vizima huku pembe zake zimevurugika.

Tuliingia barabara ya Southern Bypass, nikaomba gari liendeshwe kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, tairi la gari hilo, linalopiga kama mita 2.2 kwa mzunguko, huzunguka mara 10 kwa sekunde. Uwiano wa difu ya Jimny hii ni karibu 4.1, kwa hiyo propela huzunguka mara 41. Krosi yenye pembe mbaya hutikisa mara mbili kwa kila mzunguko wa propela: mara 82 kwa sekunde.

Namba hizo tatu ndizo kipimo cha kwanza, na mwili wako unaweza kuzitofautisha. Tairi lisilo na balansi hukutikisa polepole, kitini au kwenye usukani. Propela iliyopinda au kupoteza balansi huleta mtetemo wa kasi zaidi. Krosi yenye pembe mbaya huvuma kwa sauti nzito inayojaa masikioni. Siku hiyo nilitazama kioo cha ndani: lori lililokuwa nyuma yetu lilikuwa na taa nne badala ya mbili. Kioo kilikuwa kinatetemeka haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata.

Nikamwambia aweke gia huru, gari litiririke lenyewe. Mvumo haukukatika, kwa hiyo haukuwa wa injini. Usukani ulikuwa umetulia. Ungekuwa unapigwa huku na huku, ningeanza na beringi za kingpini, bushi na matairi ya mbele, kwa sababu Jimny za aina hii zinajulikana kwa ugonjwa huo, na kuziinua huuzidisha. Zaidi ya hayo, gari likiwa halijatiwa foo-wili, propela ya mbele haifanyi kazi. Mshukiwa akabaki mmoja: propela ya nyuma.

Kiungo cha krosi kina tabia ambayo Mwingereza Robert Hooke aliichunguza katika karne ya 17. Kikiwa kimepinda, upande mmoja ukizunguka kwa mwendo sawa, upande wa pili huenda kasi, ukapunguza, ukaenda kasi tena, mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 5, mabadiliko hayo hayafiki nusu ya asilimia moja. Kwa digrii 10 yanafika asilimia 1.5. Ukizidisha pembe mara mbili, fujo huzidi mara nne.

Dawa iliyomo ndani ya gari ni krosi ya pili. Pembe za krosi zote mbili zikilingana, na uma za propela zikiwa zimekaa katika mstari mmoja, kile anachovuruga mmoja mwenzake hukirekebisha. Ndiyo maana fundi makini huchora alama kwa rangi kabla ya kutenganisha propela. Akiirudisha imesogea jino moja, usawa huo umepotea.

Sasa tazama ekseli ya nyuma ya Jimny. Imeshikwa na mikono miwili inayobembea kutoka kwenye chasisi, mbele yake. Tuseme mkono una urefu wa sentimita 70: ekseli ikishuka sentimita 5, mkono huzunguka digrii 4 hivi, na pua ya difu huinuka kwa kiasi hicho hicho kuitazama transfa, sanduku la gia linalozungusha propela. Pembe ya krosi ya mbele inakua, ya nyuma inabaki ndogo.

Tulipima gari likiwa kwenye sakafu tambarare, uzito wote juu ya magurudumu, kwani ekseli inayoning'inia juu ya jeki hutoa namba za uongo. Programu ya simu ya kupima mwinamo ilitosha. Uso wa flenji ya transfa: digrii 4. Propela: 14. Flenji ya difu: 9. Toa moja kwa nyingine: krosi ya mbele ilikuwa na digrii 10, ya nyuma 5. Tofauti isiyozidi digrii 1 huvumilika. Hii ilikuwa 5. Na usidhani inayobaki ni pembe ya 5 tu. Kwa hesabu ya viungo hivi, fujo iliyobaki ni sawa na ya krosi moja iliyopinda karibu digrii 8.7.

Tulibadilisha bushi za mikono ya nyuma, tukaweka zile zenye tundu la pembeni zinazogeuza ekseli na kushusha pua ya difu. Tulipopima tena, pembe zilikuwa 10 na 9. Kimo kilibaki kile kile.

Tulirudi barabarani. Kwa kilomita 80, gari lililokuwa nyuma yetu lilikuwa na taa mbili. Tuliporejea, mteja alitoa kwenye buti mfuko wenye krosi za awali, akaniuliza azitupe wapi. Niliziviringisha mkononi moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nzima.